Vikuku Saba vya Bunduki ya Mzee Seif

Ukipata kazi kwenye duka la vitu vya kale, mwanangu, na siku ya kwanza ukaona vumbi, weka mikono nyuma. Nyuma kabisa, kama mtoto anayejua fimbo inakuja. Najua ulivyolelewa, maana na mimi nililelewa hivyo hivyo: mgeni asikute kitu cheusi nyumbani. Lakini mikono yangu hii imewahi kuteremsha bei ya bunduki moja hadi theluthi, kwa asubuhi moja na ndimu nne.

Naitwa Zuwena. Nimefanya kazi miaka kumi na tisa huku Arabuni, mtaa wa Al Mankhool, kwenye duka la Mzee Khalfan la majambia, mabuli, masanduku na bunduki za kale. Mzee Khalfan kazaliwa Malindi, Unguja, na mimi Vikokotoni, kwa hiyo dukani tulisemezana kwetu, na wateja tukawasemeza kwao. Shule nilikwenda mpaka darasa la tatu, basi. Aliyenishika niandike haya ni Mercy, Mkenya wa Vihiga tuliyeuza naye miaka mingi, anayeniita Shosh, yaani bibi, mpaka leo. Kaniambia, "Shosh, hawa watu wapya wanaandikwa kazi kila siku na hakuna mtu anawaonyesha kitu. Andika tu vile unaongeaga." Basi ndivyo hivi.

Bunduki zetu hazikuwa za kumpiga mtu. Mitutu ilikuwa imezibwa, kila moja na kibali chake cha polisi, na vibali hivyo Mzee Khalfan alivitunza kuliko meno yake. Nyingi zilikuwa za fitili, za kuwashwa kwa utambi, ndefu, nyembamba, zile ambazo wanaume wa Omani walichezea kwenye arusi zao. Mtutu hufungwa kwenye mti wake kwa vikuku vya fedha, kimoja kimoja, kama mkono wa bibi arusi.

Sasa hizo ndimu. Nilikuwa na wiki mbili kazini. Ramadhani inakwisha, zimebaki siku mbili Idi, na Mzee Khalfan kaenda Umra. Nikajiambia, Zuwena, mtu kakupa kazi, Idi iko mlangoni, duka lake likae hivi? Kwetu siku kama hiyo kila sinia na kila buli hutolewa uani likasuguliwa kwa jivu na ndimu mpaka ujione meno. Na pale kwenye kabati ya kioo ilikuwepo bunduki moja imewekwa peke yake, kahawia iliyoingia weusi, kama kitu kilichosahauliwa juu ya dohani. Mimi nikaona ile imetengwa kwa uchafu wake. Kumbe imetengwa kwa heshima. Jivu nikaliomba kwa Abdulkarim, mchoma mishikaki wa Karama, akanifungia kwenye mfuko wa mkate. Nikaisugua mtutu, nikaisugua vikuku, kitako nikakipaka mafuta ya nazi baada ya kukipitishia msasa kidogo, kidogo tu, wallahi. Ikang'ara mpaka nikaipigia kigelegele peke yangu.

Adhuhuri akaingia fundi Murad. Huyu alikuwa Mbulushi aliyezaliwa Mombasa, Makadara, na ndiye aliyekuwa akitutengenezea silaha zilizolegea. Akasimama mbele ya kabati.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi!" nikasema, na kifua mbele.

Akavuta kigoda akakaa. Hakupiga kelele. Akasema, "Zuwena, wamchuna ngozi mzee wa watu, kisha wataka nikupe hongera?"

Ndiyo siku niliyosikia neno hilo la kazi yetu: ngozi. Rangi ile ya kahawia si uchafu. Ni chuma kilichoshikwa na mikono na hewa na mafuta miaka mia na zaidi, kikavaa kitu ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukitia. Weusi ulio ndani ya nakshi za fedha ndio unaofanya nakshi isomeke. Ukiutoa, fedha inabaki kama bati. Na kwenye kitako kulikuwa na bonde dogo, shavu la mwenyewe lilipokuwa likilala kila anapolenga. Bonde lile nililisawazisha kwa msasa. Murad akaninyooshea mkono wangu pale juu, akaniambia nipapase. Palikuwa laini kama sahani. "Alikuwa mtu hapa," akasema. "Sasa hayupo."

Mzee Khalfan aliporudi nikajua nimefukuzwa. Nikafunga kanga yangu ya akiba kwenye mfuko kabisa, nikamngoja. Akaitazama ile bunduki muda mrefu, akasema, "Hatuitoi. Itakaa hapo hapo. Na kila mteja atakayeiuliza, wewe ndiye utakayemjibu. Utasema, mimi ndiye niliyeisafisha."

"Kwa Kiarabu?"

"Kwa lugha yoyote atakayokuja nayo."

Maneno hayo nikajifunza kwa Kiarabu, Kiingereza, Kihindi na Kiajemi. Walipoanza kuja Warusi kutoka Marina, nikajifunza na Kirusi. Mercy alipoajiriwa akanifundisha na Kiluhya, kwa uchokozi tu. Yeye ndiye aliyeipa jina ile bunduki: Bi Arusi. "Imepakwa mpaka mwenyewe hajijui," akasema. Miaka yote hiyo Bi Arusi hakupata mume. Mteja akiona mng'aro anakuja mbio, akinisikia anacheka, ananunua nyingine. Na hapo ndipo nilipoielewa adhabu ya Mzee Khalfan. Mtu aliyenisikia nikikiri moja, akiniuliza nyingine nikamwambia haijaguswa, alikuwa akiniamini bila ya kiapo.

Ngoja niwape mawili matatu ya mkono kabla sijaenda mbele.

Kutu ziko mbili. Iliyo nyekundu, inayoacha unga kwenye kitambaa, hiyo ni hai, inakula. Itulize kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, uishie hapo. Iliyo kahawia, kimya, imelala, usiiamshe. Mimi nilitumia vitambaa vya kanzu kuukuu za marehemu mume wangu Masoud, pamba iliyofuliwa mpaka ikachoka. Dawa ya meno usiitie kwenye fedha hata ukiambiwa na mamako. Kuna bwana mmoja, Ramesh, aliniletea jambia lenye harufu ya mnanaa, nikamwambia kabla hajalifungua, "Umelipigisha mswaki."

Na bunduki iliyopakwa upya utaijua bila miwani. Tazama mti na chuma vinapokutana. Fundi wa zamani alivilaza sawasawa, ukipitisha ukucha haukwami. Msasa ukipita, mti unashuka, chuma kinabaki juu, ukucha unakwama. Tazama herufi na mihuri: imeyeyuka kingo kama sabuni ya juzi? Tazama vichwa vya skurubu. Kisha nusa. Kitu cha kale kina harufu ya kale, na vanishi haijapata kunukia babu.

Si kwamba kila cha kale hakigusiki. Kipande kilichovunjika kinaungwa, ila muungo uonekane na uweze kufunguliwa. Na bunduki iliyokwisha kuharibika, haina tena ngozi wala jina, fundi mzuri anaweza kuipamba ikapata thamani kidogo ya ukutani. Lakini hilo huamuliwa baada ya kuuliza. Mkono hauwi wa kwanza.

Basi nikawa na uhakika na kazi yangu. Nilikuwa nikisimama mbele ya watu wenye shahada na kuwaambia hapana, hii imechemshwa kwa chai ionekane ya kale. Mpaka alipokuja Rahma.

Bi Rahma ni shoga yangu wa miaka arubaini. Tulijuana Karama tukiwa na watoto wa mgongoni, na Fatma wangu alipozaliwa yeye ndiye aliyempokea. Treni ya Metro ilikuwa imeshaanza kupita pale nyuma ya nyumba yao wakati mumewe, Mzee Seif, alipofariki. Akamwachia bunduki ya fitili aliyorithi kwa babake, yenye vikuku saba. Miaka yangu yote dukani sikupata kuona ngozi nzuri kama ile. Ilikuwa kama tende iliyoiva.

Rahma hakutaka kuiuza kwa tamaa. Mwanawe Salum alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na watoto watano, na mama akilala sebuleni kwenye godoro linalokunjwa asubuhi. Kuna vyumba viwili vya urithi vya Unguja, vya binamu yake, vilikuwa vinauzwa. "Zuwena," akaniambia, "nataka nife nikiwa na mlango wangu wa kufunga." Nikamwomba Mercy apige picha, ampelekee Bwana Hamdan wa Nizwa, Omani, mnunuzi wetu wa zamani, ambaye mamake alizaliwa Unguja na Kiswahili anakijua kama sisi. Akajibu siku ile ile. Bei aliyoitaja ilitosha vyumba vyote viwili na nauli juu. Akasema atakuja Alhamisi.

Nikamwambia Rahma, "Isiguswe."

"Kwani nimekuwa mtoto?"

Jumanne dukani akaingia Salum na blanketi begani, mama yake nyuma yake kavaa baibui jipya. Salum ni mpiga rangi wa magari, gereji ya Al Quoz, na nakwambia mkono wake ni mkono. Magari mabovu yanaingia kwake yanalia, yanatoka yanacheka. Akalitandua blanketi juu ya meza.

Mercy ndiye aliyeanza. "Wueh! Shosh, hii imeenda saluni!"

Mtutu ulikuwa mweusi tii, unateleza kama kiatu cha askari. Mti ulipigwa msasa, ukapigwa vanishi ya gari, mikono mitatu. Unajiona usoni. Rahma alikuwa akitabasamu.

"Hebu sema," akaniambia. "Mtu anatoka Nizwa mpaka hapa, nimtolee kitu kina kutu? Seif angenicheka kaburini."

Nikakaa. Nikakumbuka kigoda cha Murad. Nikajua sasa kwa nini siku ile hakupiga kelele.

"Rahma," nikasema, "bei haipo tena."

"Ipi?"

"Ya vyumba."

Salum, ambaye huniita Khalti, mama mdogo, akaruka. "Khalti, samahani, lakini hiyo haiingii akilini. Mimi ndiyo kazi yangu. Gari ya kale inakuja imechakaa, naipiga rangi, bei inapanda mara mbili, mara tatu. Landkruza yangu ile niliikuta jangwani mbuzi wanalala ndani! Leo watu wananisimamisha barabarani. Iweje chuma cha gari kipande na chuma cha bunduki kishuke?"

"Gari wanataka kuliendesha," nikamwambia. "Hii hakuna anayetaka kuipiga. Wanataka kushika kilichoshikwa na babu yako. Na wewe umekitoa."

Akaitazama mikono yake. Mtu mzima, ana ndevu, lakini uso ulimwanguka kama wa mtoto. Rahma hakulia. Alinisogelea karibu, akaninong'oneza, "Si wewe mwenyewe ulinihadithia wanavyozizeesha? Chai, moshi, sijui nini. Leo Jumanne. Irudishie ngozi yake, Zuwena. Siku mbili. Nani atajua?"

Kweli, nilijua. Murad alitufundisha hila zote ili tuzikamate, na anayejua kumkamata mwizi anajua pia dirisha linavyofunguliwa. Na ningeweza. Sisemi kwa majivuno, nasema ilivyo: ningeifanya vizuri, na Bwana Hamdan, kwa kuwa ni mimi niliyesema, asingeitazama mara mbili. Hilo ndilo lililonitia baridi. Uaminifu wote ule nilioupata kwa miaka ya kusema mimi ndiye niliyeisafisha ungelipia uongo mmoja, na ungetosha.

Nikamtazama Mzee Khalfan. Akasema, "Shoga yako. Amua," akarudi kwenye gazeti lake.

"Siwezi, Rahma."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Akalivuta baibui lake. Akaniambia, mbele ya wote, "Fatma wako nilimpokea kwa mikono hii. Sikuuliza kama naweza." Akakaa kwenye sanduku karibu na mlango, akanipa mgongo.

Nilibaki na bunduki mikononi kwa kukosa pa kuyaweka macho. Nikaigeuza. Na hapo nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mwanzo, hasira iliniziba. Vikuku vilikuwa vyeusi ndani ya nakshi. Vyote saba. Havikuguswa.

"Salum, hivi vikuku mbona hukuvipiga rangi?"

"Nilivifunika, Khalti. Kwa mkanda wa karatasi. Sisi hatupulizi rangi mpaka tufunike vioo na raba."

"Na hukuvifungua?"

"Sikuthubutu. Baba alisema tangu vifungwe havijafunguliwa."

Nikampigia simu Murad. Alikuwa mzee sana, anatembea kwa fimbo, lakini alikuja kwa teksi na kifurushi chake cha vitu vidogo. Akakilegeza kikuku cha kwanza taratibu, akakisogeza upana wa kidole. Chini yake palikuwa na pete ya rangi ya tende iliyoiva. Mmewahi kumwona mwanamke akivua bangili alizovaa miaka, mkono ukaonekana pale chini ulivyokuwa kabla ya jua? Vivyo hivyo. Cha pili, cha tatu, mpaka cha saba. Pete saba za ngozi ya kweli. Murad akapumua, "Alhamdulillahi. Huyu mpiga rangi ni mharibifu mwenye adabu."

Alhamisi Bwana Hamdan akaja, na kanzu yake iliyopigwa pasi kama karatasi. Kahawa ikamiminwa. Tukamwekea mbele bunduki kama ilivyo, na picha aliyopiga Mercy kando. Akaweka kikombe chini.

"Nani kafanya haya?"

Mwataka kucheka? Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Miaka mingi ya mazoea, ulikuwa unataka kusema mimi. Lakini Salum alikuwa ameshasimama.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeipiga rangi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mama asiaibike mbele yako."

Kisha nikamwonyesha Bwana Hamdan pete saba, moja moja, na yeye na kioo chake cha kukuzia. Alitazama mpaka kahawa ikapoa. Akasema, "Mwezi huu nimeletewa bunduki tatu. Wote waliapa hazijaguswa, na zote zilinuka chai. Hii siinunui kama ile ya kwenye picha. Naichukua kama bunduki iliyopigwa rangi, ambayo najua ilikuwa nini."

Bei aliyotoa ilikuwa chini ya nusu ya ile ya kwanza, na kwa bunduki iliyopigwa vanishi ya gari ilikuwa bei ya heshima. Nilimwambia Rahma hivyo. Alikuwa akitazama ukutani.

"Chumba kimoja," akasema. "Haya. Khalas."

Mwezi mzima hakusema nami. Tulikutana kwenye hitima ya Bi Thuwaiba, akachagua mkeka wa upande wa pili. Mercy akiniona nimeinama ananiambia, "Shosh, ulifanya poa," na mimi namjibu kufanya poa hakupikiki, mwanangu, hakuliwi.

Kisha siku moja Rahma mwenyewe akaingia dukani, akaweka sahani ya vileja juu ya meza, akasema kwa hasira, "Kula." Nikajua tumepatana. Salum alikuwa ameiuza Landkruza yake. Ile ya mbuzi. Alikuja baadaye kunihadithia, na uso wote meno: "Khalti, si nilikwambia kwa gari bei inapanda?" Ilipanda, na ikanunua chumba cha pili. Rahma yuko Unguja sasa, na mlango wake anaufunga mwenyewe.

Mimi nimestaafu. Mzee Khalfan alipofunga duka Bi Arusi akaondoka na mzigo wa jumla, na mwenye kuchukua nilimwambia kwa Kihindi aliyeisafisha ni nani.

Juzi Salum kanipigia simu kutoka gereji, nyuma yake mashine zinalia.

"Khalti, leo nimemrudisha mteja. Kijana kutoka Kerala, kaleta gari ya marehemu babake. Rangi imeungua na jua, kwenye mlango pameliwa pale babake alipokuwa akiweka kiwiko. Anataka niipige nyekundu, kakake anaoa. Nikamwambia akakae siku mbili, aulize kwanza."

"Na arbab wako, mwenye gereji?"

"Kanitolea macho. Kasema, wewe mpiga rangi au imamu?"

"Huyo kijana ulimwambia nini?"

"Nilimwonyesha picha ya bunduki ya baba. Nikamwambia mimi ndiye niliyeipiga rangi."

"Kwa lugha gani?"

"Kimalayalam chao, Khalti. Kibovu, lakini kaelewa."